Shangazi Coleta Hakuonja

Kikapu kilishuka siku ya Jumanne, mwezi wa nane, tulipokuwa tunaondoa nyasi kwenye nyumba ya shangazi yangu Coleta ili tuezeke bati. Fundi Oswaldi alikuwa juu, mimi nilikuwa chini napokea nyasi. Alipofika upande wa jikoni akasema kuna kitu kimefungwa kwenye fito, cheusi kwa moshi. Nikamwambia akate kamba akishushe. Akakata, kikamponyoka, kikaanguka miguuni pangu na kufunguka.

Yalitoka magome ya mti yaliyokauka, mizizi mitatu iliyofungwa pamoja, mguu wa kuku, kibuyu kidogo chenye unga mwekundu, kamba ya shanga nyeupe, na jiwe moja jeusi, zito, lenye matundu. Oswaldi alivitazama kutoka juu. Kisha akashukia upande wa pili wa nyumba, akaondoka. Nyundo yake ilibaki juu ya ukuta.

Kabla ya saa sita mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba kikapu cha uchawi cha Coleta kimeonekana. Hakuna aliyesema kikapu fulani. Walisema kile kikapu, kama watu waliokuwa wanakisubiri.

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na sitaki kujifanya kwamba zimeisha.

Shangazi yangu ana miaka themanini na mitatu. Ni dada wa baba yangu Zephania, na ndiye aliyebaki peke yake katika watoto wa babu Abeli. Aliolewa, mume akafa, watoto wawili wakafa wakiwa wadogo, akarudi kwenye kiwanja cha baba yake, akalima. Kijiji chetu kiko njia ya Laela, ukishuka basi unatembea kama nusu saa kuelekea milimani. Huku tunalima mahindi na ulezi, na mwanamke anayejua kupika pombe ya ulezi haishiwi na wageni. Shangazi anajua kuipika kuliko wote niliowahi kuonja pombe yao. Lakini wageni hakuwa nao.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Anachota, anakunywa mbele ya watu, ndipo anampa mgeni. Ni heshima, na ni kumwambia mgeni kwamba humo hamna kitu. Kila mtu anafanya hivyo, mara moja inatosha. Shangazi Coleta alikuwa anaonja mara mbili. Anaonja kutoka kwenye chungu, halafu anaonja tena kutoka kwenye kikombe chako wewe, akikutazama. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndiyo adabu yake tu. Nilipokua nikajua kwamba bila mara mbili hakuna aliyekubali kunywa, na hata kwa mara mbili wengi walishika kikombe, wakaongea, wakakiweka chini.

Baba yangu alipofariki, shangazi alileta chungu kikubwa msibani. Alionja mbele ya watu wote, mara mbili kama kawaida yake. Jioni nilikibeba mimi kukirudisha kwake, na kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Alinishukuru kwa kukibeba bila kumwaga. Sikusema neno. Nilikuwa na miaka thelathini, mtu mzima mwenye mke, na sikusema neno.

Siku ya pili baada ya kikapu, alikuja Flavian, mwenyekiti wa kijiji, na wajumbe wawili. Lazima nieleze Flavian ni nani. Babu yake, Adriano, alikuwa mdogo wake Mboje, na Mboje ndiye baba wa babu yangu Abeli. Kwa hiyo Flavian ni baba yangu mdogo, na Coleta ni dada yake. Hivyo ndivyo alivyopaswa kumwita. Alisimama nje ya nyumba iliyoezuliwa nusu, akaniambia mimi, huku shangazi amekaa palepale kwenye kigoda, kwamba wananchi wana wasiwasi na huyu mama. Alisema kutakuwa na mkutano Jumamosi ya wiki mbili zijazo, na kwamba kuna wazee wameshatuma ujumbe kwa kamchape.

Kamchape ni waganga wanaopita vijijini kufichua wachawi. Serikali imewakataza, lakini wanaitwa, na wanakuja. Kijiji cha jirani walimnyoa bibi mmoja mwaka juzi, wakamchanja, wakamnywesha dawa. Alikufa wiki ileile. Watu walisema dawa imemjua.

Nilimwamkia Flavian shikamoo, akaitikia. Nikamwambia taratibu kwamba shangazi hajamdhuru mtu. Akasema yeye binafsi hana neno, ila kikapu kimeonekana, na kikapu si chungu cha mboga. Wajumbe walicheka. Shangazi aliwakaribisha maji. Hakuna aliyekunywa.

Ningeweza kwenda polisi. Polisi wangekuja siku moja, wakaondoka, na shangazi angebaki na majirani walewale. Nilichohitaji ni kujua kile kikapu ni cha nini, nijue kabla ya Jumamosi ile.

Nikamuuliza mwenyewe. Alikuwa amekiokota, amerudisha kila kitu ndani, amekifunga upya na kukiweka chini ya kitanda. Alisema alipewa na babu yake Mboje akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, mzee akiwa karibu na kufa. Alimwambia asikifungue na asikubali kinyeshewe. Wajukuu wa kiume walikuwepo, lakini baba yao Abeli alikuwa hataki kikapu kile kigusane na wanawe. Ndiyo maana mzee alimpa msichana.

“Kilikuwa na nini?” nikauliza.

“Sijui. Niliambiwa nisifungue.”

“Miaka sabini, shangazi?”

“Kalisti, nimesema niliambiwa nisifungue.”

Nikamuuliza kwa nini hakukitupa, maana alijua watu wanasema nini. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakutupa mkono wake. “Alinipa yeye,” alisema. “Unadhani mtu hupewa vitu vingapi duniani?”

Halafu akakumbuka jambo moja. Mzee Mboje alikuwa amesema, kilichomo Adriano anakijua.

Kila mtu huku anamjua Adriano, ingawa amekufa zamani. Alikuwa katekista wa kwanza wa kigango chetu. Ukumbi wa kigango unaitwa Ukumbi wa Katekista Adriano, na picha yake iko ukutani, amevaa kanzu, ameshika kitabu. Tulipofanya jubilei ya kigango miaka miwili iliyopita, kilitolewa kijitabu cha maisha yake, na ilisemwa kwamba kimetokana na daftari aliloandika mwenyewe uzeeni. Sisi wa kwa Mboje tulikuwa tunajisifia naye pia. Ukiandika barua ya posa, unataja kwamba wewe ni wa ukoo wa Katekista Adriano. Mboje hatukumtaja.

Nilikwenda kwa Flavian kumwomba daftari. Alisema liko parokiani kwenye kamati, na kwamba halina cha kunihusu. Alilisema hilo la pili haraka mno.

Kesho yake nikapanda basi kwenda mjini. Parokia ina ofisi na katibu wake ni Mama Victoria, mama wa makamo anayevaa miwani kwa kamba. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa nne kwa sababu sikujua niseme nini nikiingia. Mwishowe yeye ndiye alitoka akaniuliza kama nimekuja kubatiza au kuzika. Nikamwambia nimekuja kutafuta babu yangu. Akacheka, akasema huyo basi tutamkuta kwenye vitabu.

Kitabu cha ubatizo kilikuwa kikubwa kama mlango wa kabati. Tulimtafuta Abeli mpaka tukampata, mwaka 1931, kijana mkubwa tayari. Mbele ya jina lake kulikuwa na mstari wa baba yake, Mboje, hajabatizwa. Na mbele ya hapo, chini ya neno kazi, mtu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: mhunzi.

Nikamwomba Mama Victoria asome tena. Akasoma tena. Mhunzi, mfua chuma. Katika nyumba yetu sijawahi kusikia hata mara moja kwamba tuna mhunzi. Mimi huwa nachoma matofali kiangazi, na watu husema Kalisti moto anauelewa, sijui kautoa wapi.

Nikamweleza shida yangu yote, kikapu na kamchape. Alinisikiliza, akaenda kabatini akarudi na bahasha. Ilikuwa na nakala ya daftari la Adriano iliyotolewa kwa mashine ya fotokopi kwa ajili ya kijitabu cha jubilei. Alisema wanakamati walisoma kurasa chache tu kwa sababu ule mwandiko wa zamani uliwashinda, nyingine walielezwa na Flavian. Mimi haukunishinda. Baba yangu alisoma shule ileile ya misheni aliyosoma Adriano, na alinifundisha herufi kabla sijaanza darasa la kwanza. Mwandiko wa Adriano ulikuwa mwandiko wa baba.

Nilisoma pale kwenye benchi. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema hivi, nimeunakili kama ulivyo:

“Kabla sijabatizwa nilikuwa mchukua makaa wa kaka yangu Mboje. Yeye alikuwa mkuu wa ilungu, lile tanuru refu la udongo la kuyeyushia chuma. Majembe yake yalitembea. Watu wa hapa waliyatolea mahari, na watu wa ziwani waliyachukua hata Kabwe, wakatuletea samaki. Kikapu chake kilikuwa na dawa za ilungu. Ilungu kwetu lilikuwa kama bibi arusi, lisipopambwa na kutayarishwa chuma hakishuki. Humo mna magome na mizizi, mna unga mwekundu wa kulipamba, mna shanga za bibi arusi, mna mguu wa kuku wa moto wa kwanza, mna jiwe la ilungu la baba yetu. Dawa ya mtu haimo. Wanawake hawakuruhusiwa kuona.

“Nilipoomba ukatekista niliulizwa mbele ya watu, kikapu cha kaka yako ni cha nini. Ningaliweza kueleza. Watu waliosimama pale walikuwa wanalimia majembe yake. Nikasema ni cha uchawi. Siku ile nilikubaliwa. Kaka hakunena nami. Tangu siku ile watu hawakunywa pombe kwake mpaka aonje mara mbili. Hata mimi sikunywa. Sikusahihisha neno langu, na sasa kaka amekufa na mimi ni mzee.”

Pembeni mwa maneno hayo palikuwa na maandishi ya penseli ambayo yalitoka hafifu kwenye nakala. Hayakuwa ya Adriano. Yalisema: Hapa pasichapwe. F.

Nikamwonyesha Mama Victoria. Akavua miwani, akavaa tena. Akasema ni kweli, mwenyekiti Flavian ndiye aliyeleta daftari, na ndiye aliyeweka alama za kurasa za kuruka.

Sijui nilikaa pale muda gani. Najua kwamba Mama Victoria aliniuliza kama nimekula. Watu wengine hasira zinawapa maneno. Mimi zinaninyang'anya. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kwamba mtu alisema neno moja ili apate kazi, akaandikwa kwenye ukuta wa ukumbi, na kaka yake akaonja mara mbili mpaka kufa, na mjukuu wa kike wa kaka yake anaonja mara mbili mpaka leo. Na Flavian anajua. Alisimama nje ya nyumba yake, akamwita huyu mama, na alikuwa anajua.

Mama Victoria alinipigia nakala ya ukurasa ule na mstari wa kitabu cha ubatizo, akagonga muhuri wa parokia bila kuombwa.

Ndani ya basi kurudi nyumbani likanijia jambo jingine, na hilo ni langu mwenyewe. Kwenye shamba letu la chini palikuwa na mnara wa udongo, mrefu kunizidi, umeinama upande mmoja, una matundu kuzunguka chini. Tangu utoto tuliuona. Babu Abeli hakutaka tulime karibu yake na hakutuambia sababu. Wapo wazee waliouita ilungu, lakini kwetu vijana lilikuwa jina tu, kama jina la kilima. Mwaka 2009, nilipokuwa najenga nyumba yangu, niliona udongo ule umeungua vizuri na ni mgumu, nikauvunja kwa siku tatu, nikaujaza kwenye msingi. Na mawe meusi yenye matundu yaliyokuwa yametapakaa pale, ambayo yalikuwa yananiharibia jembe kila mwaka, nayo niliyajaza humo. Mavi ya chuma cha babu yangu. Ninalala juu yake.

Nikisema nina hasira, sijitoi.

Nilimsomea shangazi jioni ileile, mke wangu Bertilla akiwa ameshika taa ya simu kwa sababu jua lilikuwa limeshazama. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudie pale penye kuonja. Nikarudia. Akasema kwamba babu yake, alipokuwa akimfundisha kupika pombe, alimwambia uonje kwenye chungu, uonje na kwenye kikombe cha mgeni, na yeye alidhani ndivyo pombe inavyotolewa. Alikuwa ameshakuwa mwanamke mzima ndipo alipoona kwamba wenzake wanaonja mara moja.

“Kumbe babu alikuwa anafua majembe tu,” alisema.

Kisha akaniambia nimletee debe la ulezi. Siku zilizobaki zilikuwa zinatosha.

Bati nilimaliza kuezeka mwenyewe, kwa nyundo ya Oswaldi. Bertilla alikuwa ananishikia ngazi na kunisema. Alisema ukisimama Jumamosi ukanyamaza kama kawaida yako, nitasimama mimi, na mimi sitasoma karatasi, nitasema ninavyojua. Nilimjibu kwamba nitasoma. Kusoma ninaweza, kwa kuwa maneno yanakuwa ya mtu mwingine.

Mkutano ulifanyika ndani ya Ukumbi wa Katekista Adriano, kwa sababu nje kulikuwa na upepo na vumbi. Flavian alikaa meza ya mbele, chini ya picha ya babu yake. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama madirishani. Shangazi alikaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, chungu kiko chini kando yake kimefunikwa na sahani, na benchi zima lilikuwa lake peke yake.

Flavian alieleza habari ya kikapu kwa sauti ya upole. Alisema hatumhukumu mtu, tunatafuta amani ya kijiji. Alisema kamchape wako tayari kuja, na kama mtu hana kitu, dawa haitamfanya kitu. Watu waliitikia. Nikanyoosha mkono. Ilibidi ninyooshe mara tatu, na mtu mmoja nyuma akasema leo mvua itanyesha, Kalisti anataka kuongea. Wakacheka.

Nilisema ninayo karatasi kutoka parokiani, imeandikwa na Katekista Adriano kwa mkono wake. Flavian alisimama kabla sijaifungua.

“Mwanangu Kalisti,” alisema, “wewe umeishia darasa la saba. Maandishi ya wazee yana ugumu wake. Nipe mimi niwasomee.”

“Nimeishia darasa la saba, baba mdogo,” nikamjibu. “Lakini penseli yako nimeisoma.”

Alikaa. Hakuna aliyeelewa wakati ule isipokuwa yeye na mimi, lakini watu walimwona alivyokaa. Nikasoma. Nilianza kwa sauti ndogo, mama mmoja akasema ongeza, nikaongeza. Nilisoma mstari wa mhunzi, nikasoma majembe yaliyofika Kabwe, nikasoma kitu kimoja kimoja kilichomo kikapuni, magome, mizizi, unga mwekundu, shanga, mguu wa kuku, jiwe, na waliokuwa wamehadithiwa na Oswaldi wakawa wanaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo, ndivyo. Nilipofika pale aliposema ni cha uchawi, na kwamba alikubaliwa siku ile, waliokuwa wanaitikia wakaacha. Nikasoma mpaka kuonja mara mbili. Kisha nikasoma maneno ya pembeni, Hapa pasichapwe, na herufi iliyofuata. Nikainua karatasi waone muhuri.

Mzee mmoja wa mbele alisimama akasema kwamba baba yake alilimia jembe la Mboje, na kwamba walimzika nalo. Mwingine akasema bibi yake alitolewa mahari majembe matatu, na alikuwa akijisifia mpaka anakufa. Kumbe walijua. Walikuwa wanajua vipande vipande, kila mmoja kipande chake, na hakuna aliyekuwa amekileta kipande chake mbele ya watu mpaka siku ile.

Habari ya kamchape ilikufa palepale, bila mtu kuitaja. Na hapo ndipo hasira zangu zilipopanda kuliko zote, kwa sababu Flavian alisimama tena. Alikuwa ameshapangusa uso. Alisema wananchi wenzangu, tumejifunza leo kwamba kijiji chetu kina historia kubwa. Alisema tulikuwa na kiwanda kabla ya viwanda. Akapendekeza kikapu kiwekwe humu ukumbini, kwenye sanduku la kioo, chini ya picha ya Katekista, wageni waje wakione. Akasema pia itafaa apige picha na mama yetu Coleta akiwa amekishika.

Wakapiga makofi. Nawaambia walipiga makofi. Hakuna aliyegeuka kumtazama shangazi, hakuna aliyesema pole, hakuna aliyesema tulikosea. Wiki mbili kabla walikuwa tayari anyolewe na kuchanjwa. Sasa walikuwa wanafurahia kioo.

Shangazi alisimama. Alimwomba Bertilla amsaidie kubeba chungu, wakakipeleka mpaka meza ya mbele. Akatoa kikombe cha bati, akafunua sahani, akachota. Pombe ilikuwa imeiva vizuri, harufu yake ilifika mpaka madirishani. Watu walimtazama, wakisubiri. Najua walichokuwa wanasubiri, maana na mimi nilikuwa nakisubiri.

Hakuonja. Aliweka kikombe mbele ya Flavian.

“Kunywa, kaka yangu,” alisema.

Flavian alitabasamu. Alishika kikombe, akatazama ndani, akatazama watu. Akasema kwa utani kwamba dada amesahau desturi, mwenye pombe huonja.

“Sijasahau,” shangazi alisema. “Nimeonja miaka yote ya maisha yangu, kwenye chungu na kwenye vikombe vyenu. Leo sionji. Umesikia karatasi. Kama umeisikia, kunywa.”

Flavian aliendelea kukishika. Akasema ana dawa za presha, daktari amemkataza pombe. Mtu mmoja dirishani akauliza presha hiyo imeanza lini, maana juzi sokoni ilikuwa haijaanza. Walicheka kidogo, kisha wakaacha. Flavian akakiweka kikombe mezani taratibu, kikiwa kimejaa.

Shangazi akachota kikombe kingine, akanigeukia mimi.

Hili nitaliandika kama lilivyokuwa. Mkono wangu ulisita. Mimi niliyesoma ile karatasi, niliyemlea na kulelewa naye, niliyejua kila kilichomo kikapuni, nilichukua kikombe kile na macho yangu yakaenda kwanza kwenye midomo yake. Ilikuwa kitambo kidogo tu. Aliona. Sitalisahau jicho lile. Nikanywa mpaka chini. Ilikuwa tamu, na nilitamani kulia kwa hasira, na hasira hizo hazikuwa za Flavian.

Baada yangu alikuja Oswaldi. Alipita katikati ya mabenchi akiinamisha kichwa, akasema shikamoo mama, akanywa, akapangusa mdomo na kuomba kingine. Shangazi alimwambia nyundo yake iko kwake, aje aifuate. Wakaja wengine, si wengi. Mama aliyeniambia niongeze sauti. Yule mzee wa jembe. Wengi walitoka wakisema jua ni kali, wana mifugo, wana wageni.

Flavian alifunga mkutano. Kikombe chake hakukigusa tena. Shangazi alikichukua kama kilivyo, akakifunika kwa kiganja, akatembea nacho mpaka nyumbani bila kumwaga tone.

Kikapu nimekirudisha juu, jikoni, chini ya bati jipya. Oswaldi ndiye aliyekifunga, safari hii kwa waya. Ukumbi bado una jina lilelile na picha ileile. Nimewaandikia kamati ya parokia barua nikiomba ukurasa wa kumi na tisa uchapwe. Bado sijajibiwa.

Mwezi uliopita Flavian alimtuma mjumbe kwa shangazi. Mjumbe alisema sanduku la kioo limeshatengenezwa, wanaomba kikapu, na kwamba mwenyekiti anamsalimia sana dada yake. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa tayari kusema mambo mengi, kwa mara ya kwanza maneno yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno. Shangazi alinitangulia. Alimwonyesha mjumbe kile kikombe cha bati. Kiko kwenye kibao cha dirisha, pombe imechacha, imekauka, imebaki ukoko chini.

“Mwambie kaka yangu kikombe chake kipo,” alisema. “Aje akimalize kwanza.”